Yamaha DT 175 ya mzee: nimekosea tairi mara tatu ndipo nikaelewa (wenye pikipiki za zamani Dodoma na jirani, karibuni)

#1 Mleta uzi

Wakuu salaam.

Nina Yamaha DT 175 ya marehemu mzee. Alikuwa bwana mifugo Mpwapwa, na pikipiki hiyo imekula vumbi lote la Kibakwe na Rudi kabla mimi sijajua kuendesha hata baiskeli. Baada ya msiba ilikaa stoo miaka mingi, imeegemezwa ukutani, tairi zimebonyea kama chapati. Nikaipandisha kwenye kenta mpaka Dodoma mjini. Injini fundi aliifufua kwa wiki mbili, nikajua kazi imekwisha. Kumbe tairi ndizo zingenisumbua mwaka mzima.

Naleta uzi huu kwa sababu kila mtu akiuliza tairi za pikipiki ya zamani zinapatikana wapi, jibu ni lile lile: "Weka za boda mkuu, maisha yaende." Za boda niliweka. Ngoja niwasimulie.

Tuanze na vipimo, maana wengi tunaendaga dukani tumeshika hela tu. DT 175 ina ringi ya 21 mbele na 18 nyuma, na XL 125 na 185 za Honda za enzi hizo ni hivyo hivyo. Kwenye ubavu wa tairi la mzee mbele palisomeka 2.75-21, nyuma 4.10-18. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi, ya mwisho ni ukubwa wa ringi kwa inchi. Ya mwisho haina mjadala: ringi ya 18 inavaa tairi la 18, basi. Boxer zetu hizi ni 17, kwa hiyo muuzaji akikwambia "hili litaingia tu, fundi atalivuta," muage kwa heshima. Za Kichina zilizoigwa kutoka Honda CG 125 ndizo nyingi zina 18, na hapo ndipo nilipoingia mtegoni.

Nyuma nikaweka la boda, 3.00-18. Liliingia vizuri, bei nzuri, pikipiki ikasimama. Sasa mimi nina kashamba ka zabibu Mpunguzi. Msimu wa mavuno nikafunga kreti mbili nyuma, kama kilo 60 hivi, nikaunga lami kurudi mjini. Jua la saa nane mnalijua. Katikati ya safari nikahisi mkia unacheza, nikadhani upepo. Kidogo tu tyubu ikaachia. Sikuanguka, namshukuru Mungu, ila zabibu zilienda na barabara, na mbuzi wa watu walikula siku hiyo.

Nilipotulia ndipo nikasoma ubavuni kwa makini. Baada ya vipimo kuna namba ya mzigo na herufi ya mwendo. Lile la boda lilikuwa 47P. La mzee lilikuwa 59P. P ni kilomita 150 kwa saa, hiyo haituhusu, DT yenyewe haifiki huko. Lakini 47 maana yake tairi hilo linabeba kilo 175, na 59 ni kilo 243. Pikipiki yenyewe ni kama kilo mia, mimi themanini, weka kreti, na sehemu kubwa ya uzito huo iko nyuma. Nilikuwa ukingoni kabisa bila kujua. Isitoshe 3.00 ni jembamba na fupi kuliko 4.10: kila gurudumu likizunguka mara moja unapoteza sentimita 5 au 6, injini inapiga kelele zaidi kwa mwendo ule ule. Na usitegemee mshale wa spidi ukwambie, kwa sababu kwenye hizi pikipiki waya wake unatoka gurudumu la mbele.

Kosa la pili ni la mbele, na ndilo lililoniumiza goti. Tairi la 21 ni adimu. Nikazunguka mjini siku mbili, duka la mwisho (silitaji) wakaniletea moja la kashata kubwa (vile vinundu vya mpira vya kushika ardhi) kutoka juu kabisa ya shelfu. Linang'aa! Nikalipa haraka wasije wakabadili mawazo. Hiyo ilikuwa mwaka 2022. Desemba mvua ya kwanza ikanyesha, nanyi mnajua lami ya Dodoma ikipata mvua ya kwanza baada ya miezi saba ya vumbi na oili inavyokuwa. Kwenye mzunguko, mwendo wa kawaida kabisa, mbele ikateleza kama nimekanyaga ganda la ndizi.

Fundi alipolitoa tukalikunja kwa mkono. Ubavuni nyufa nyembamba kama kisigino cha mkulima. Tukatafuta alama ya DOT, ile ya ubavuni yenye tarehe ya kutengenezwa, tukafuata mpaka namba nne za mwisho: 0811. Wiki ya 8, mwaka 2011. Tairi "jipya" lina miaka kumi na moja! Mpira unakauka hata ukiwa umelala shelfu, unakuwa mgumu, haushiki tena. Muuzaji hakunidanganya. Sikumuuliza.

Hapa kuna kisa kidogo. Tairi la mzee lina namba tatu tu mwishoni: 218. Kabla ya mwaka 2000 ndivyo walivyokuwa wanaandika, tarakimu mbili za wiki na tarakimu moja ya mwaka. Yaani wiki ya 21 ya mwaka unaoishia na 8. 1988 au 1998? Nikampigia mama. Akasema, "Hilo baba yako alilinunua mwaka ulioanza darasa la kwanza, kwa hela niliyotaka ya mabati." Kwa hiyo ni la 1988, na kumbe kesi ya mabati bado iko hai.

Kosa la tatu nalipitia haraka kwa sababu ni la hasira. Nikasema sasa nyuma naweka kubwa, nikapata 4.60-18 kwa jamaa. Ringi yangu ni nyembamba, upana inchi 1.85, tairi likabanwa likawa na mgongo kama wa samaki, na upande mmoja likawa linalamba cheni. Nimeendesha siku tatu.

Sasa nimerudi pale pale alipokuwa mzee: 2.75-21 45P mbele, 4.10-18 59P nyuma, aina ya nusu lami nusu vumbi, siyo kashata za kulima. Zimepatikana kwa anayehudumia pikipiki za miradi na mashirika, maana DT 125 na XL 125 zao zinavaa saizi hizo hizo. Miezi yote hiyo nilikuwa nauliza maduka ya boda!

Njia zangu ni lami kama robo tatu, iliyobaki ni njia ya shamba. Wenye uzoefu wa kashata kubwa kwa njia ya Hombolo au mbuga za Bahi mtuambie. Nawasilisha.

#2 Kijana wa Nkuhungu

Naweka kambi hapa. Mbuzi waliokula zabibu walikulipa?

#3 Fundi wa Chang'ombe

Mkuu uzi mzuri ila nakupinga sehemu moja. Tairi la boda umelionea. Hizo kilo 175 zinahesabika tairi likiwa na upepo wake kamili. Ulipima lini mara ya mwisho kabla ya safari ile? Najua jibu, nyie wote huwa mnabonyeza kwa kidole gumba mnasema "liko poa". Tairi lenye upepo mdogo linakunjika ubavuni kila mzunguko, linapata moto ndani, tyubu inasuguliwa mpaka inaachia. Hata hilo lako la 59P ukiliendesha hivyo na kreti mbili litakufanyia vile vile, litachelewa tu.

Upepo unapimwa asubuhi tairi likiwa la baridi. Siyo saa nane umetoka Mpunguzi, geji inakusomea zaidi halafu unapunguza, kesho yake asubuhi liko chini. Na nunua geji yako mwenyewe. Zile za kwenye pampu za barabarani nyingine zinasoma zinavyotaka.

La pili: 3.00-18 siyo zote 47. Kuna zilizoimarishwa zina 52, hizo ni kilo 200. Soma ubavuni, usisikilize jina la duka.

#4 Mleta uzi

Fundi umenipata. Kidole gumba kabisa.

#5 Dada wa Ipagala

Mimi nina CG 125 ya baba mkwe, Honda yenyewe siyo nakala. Hayo yote yananihusu? Maana naona mnaongea 21, 21.

#6 Mleta uzi

Dada yangu wewe umeshapona. CG ni mama wa boda nyingi zilizokuja baadaye, kwa hiyo tairi zake zimejaa mjini. Mbele nyingi ni 2.50-18 au 2.75-18. Nyuma inategemea toleo: kuna zenye ringi ya 17 zinazovaa 3.00-17, kuna za 18 zinazovaa 90/90-18. Usikariri, futa tope kwenye ringi usome, imegongwa pale pale. Kinachokuhusu kwenye uzi huu ni tarehe ya tairi na mzigo. Na usiache fundi akakuwekea la nyuma mbele kwa sababu "saizi ni moja". La mbele lina mistari ya kukata maji na kushika kona, la nyuma limetengenezwa kusukuma. Mshale wa kuzunguka uangalie pia.

#7 Mkazi wa Kondoa

Wakuu mna raha. Mimi nina Honda XL 250 S ya mwisho wa miaka ya sabini. Mbele ni 3.00-23. Ishirini na TATU. Nimetafuta Dodoma, Arusha, Kariakoo nimezunguka mpaka wauzaji wakanizoea. Mmoja aliniuliza kama ni ya baiskeli.

#8 Fundi wa Chang'ombe

Hahaha pole sana. Hiyo ndiyo pikipiki inayojulikana kwa ugonjwa huo. Honda walikuwa na wazo kwamba gurudumu kubwa linapita juu ya mawe kirahisi, na kweli linapita, ila baadaye ulimwengu wote ukabaki kwenye 21 na watu wa 23 wakabaki na kilio. Ukipata tairi la 23 angalia DOT kwanza, kwa sababu mengi ni yale yaliyolala stoo za watu.

Dawa inayofanywa na wengi ni kubadili ringi. Unabaki na habu yako ya mbele (kile kitovu cha gurudumu) na breki yake, unasuka ringi ya 21 yenye matundu 36 sawa na habu, kwa spoku fupi zaidi. Kazi ya spoku mpe fundi anayesuka kweli, siyo anayekaza tu zilizolegea. Mbele itashuka kama inchi moja, na spidi itakusomea zaidi ya mwendo wako halisi, uizoee. Ringi ya zamani usiuze. Funga kwenye mfuko, weka juu ya dari. Siku ukitaka kuirudisha kama ilivyotoka Japani, utamshukuru fundi.

#9 Mkazi wa Kondoa

Mke wangu akisikia "weka juu ya dari" atahama yeye.

#10 Mwalimu mstaafu, Kikuyu

Vijana hamjambo. Nauliza kwa sababu dukani nimepewa 80/90-21 badala ya 2.75-21 na 100/90-18 badala ya 4.10-18. Muuzaji anasema ndiyo hizo hizo kwa lugha mpya. Ananidanganya au?

#11 Mleta uzi

Shikamoo mwalimu. Hajakudanganya. 80 ni upana kwa milimita, 90 ni asilimia ya upana huo inayokuwa kimo cha ubavu, 21 inabaki inchi ile ile. 80/90-21 inakaa vizuri mahali pa 2.75-21, na 100/90-18 mahali pa 4.10-18. Akikuletea 90/90-21 akasema ni ile ile, hapo simama kwanza: ni pana na refu zaidi, ni ya ringi pana kidogo, na pikipiki yenye madigadi ya chini inaweza kugusa.

Angalia pia imeandikwaje kuhusu tyubu. Hizi ringi zetu za zamani za spoku ni za tyubu. Ukinunua tairi lililoandikwa halitumii tyubu, bado weka tyubu ndani. Matundu ya spoku hayazuii upepo, na ringi hizo hazina kile kituta cha kushikilia ukingo wa tairi upepo ukiisha ghafla.

#12 Mwalimu mstaafu, Kikuyu

Marahaba. Maelezo yanaeleweka, nimekupa alama zote.

#13 Kijana wa Nkuhungu

Mbona hakuna aliyegusa mbigili? Dodoma hii tatizo siyo saizi wala tarehe. Ukitoka lami hatua kumi unarudi na miiba ishirini. Mimi kashata kubwa nilivaa kwa ajili hiyo tu.

#14 Fundi wa Chang'ombe

Mbigili mfupi, kashata nene inaweza kumzuia asifike kwenye tyubu. Mwiba wa mgunga ule mrefu haujali kashata, unapita katikati. Mimi wateja wangu wa Hombolo nawawekea tyubu nene, na kila jioni wapitishe plaizi kutoa miiba iliyobaki kwenye mpira. Mwiba haukutoboi siku unapoukanyaga, unakutoboa siku ya tatu ukishasukumwa ndani.

Tyubu iwe ya saizi ya tairi. Nimeona watu wanavuta tyubu ya 3.00 ndani ya 4.10, inatanuka inabaki nyembamba kama puto. Kubwa kuliko tairi nayo inajikunja, ile kunjo inajikata yenyewe. Na ule ukanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoku, kama umeoza badilisha. Nikiona pancha upande wa ndani wa tyubu, tundu dogo, sihangaiki kutafuta mwiba, nageuza ringi naukuta ukanda umeoza.

Kwa anayeuliza Bahi: masika kwenye lile tope jeusi la mbuga kashata zinajaa ndani ya mita hamsini, unabaki na donati. Hakuna tairi la kukuokoa pale, subiri pakauke. Kwenye makorongo ya mchanga kashata inasaidia. Lakini ukiendesha kashata kubwa kwenye lami kila siku zinaisha katikati haraka na kwenye kona za mvua zinayumba. Aliyeleta uzi kachagua sawa kwa njia zake.

#15 Dada wa Ipagala

Mleta uzi, mrejesho lini? Usije ukapotea kama wale wa ufugaji wa kware.

#16 Mleta uzi

MREJESHO, miezi mitatu baadaye.

Sijapotea. Wiki iliyopita nilienda Kondoa kumsalimia shemeji, nikapanda mpaka Kolo kwenye michoro ya miambani. Lami kwenda raha tupu. Pikipiki inalala kwenye kona na kunyanyuka yenyewe, siyo kama ile 4.60 iliyokuwa inataka kubembelezwa. Kilomita mia za kwanza za tairi mpya nilikuwa nimeziendesha taratibu hapa hapa mjini, kwa sababu tairi likitoka kiwandani lina utelezi juu, halijachubuka bado. Kile kipande cha mlimani cha Kolo, mawe na changarawe, zilishika vizuri nikipunguza mwendo. Na XL ya 23 nimeiona kwa macho, mkazi wa Kondoa alinionyesha. Gurudumu la mbele linanifika juu ya goti! Ringi ya 21 keshapata, anasubiri spoku, na ile ya zamani imewekwa chini ya kitanda. Dari ilikataliwa.

Kitu kimoja nimejifunza njiani. Fundi wa Chang'ombe aliponifungia tyubu ya nyuma aliacha ile nati ya kwenye shina la valvu juu, karibu na kifuniko, hakuikaza kwenye ringi. Nilidhani kasahau, nikataka kuikaza mwenyewe. Kurudi, nilipoangalia asubuhi pale Kondoa, valvu imelala upande kama jino bovu. Upepo ulikuwa umeshuka, tairi likawa linazunguka kidogo kidogo kwenye ringi kila nikikanyaga gesi, likivuta na tyubu. Kama nati ingekuwa imekazwa, valvu isingelala, ingekatika tu. Nikatoa upepo, nikasogeza tairi likarudi mahali pake, nikajaza upepo kwa geji yangu mwenyewe, tena asubuhi, fundi usiseme. Tangu hapo valvu imesimama wima.

Yule jamaa wa 4.60 nimemrudishia tairi lake, akaniambia lilikuwa linamgusa cheni na yeye ndiyo maana alinipa. Na lile la mzee la namba tatu, mama amekataa lisitupwe. Amelikata nusu, anawawekea kuku maji.